London kwa mnywaji mgeni: namna ya kuifikia baa yenye bia nzuri (na kwa nini "bia ya moto" si tusi)

#1 MzeeWaKaunta

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa viza kuna mdogo wetu, DogoMsafiri, aliuliza: "Naenda London siku sita kikazi, jioni nitakuwa huru, bia nzuri naipata wapi?" Watu kama kumi wakamjibu, kila mmoja na jina la baa yake, na nusu ya hizo baa ziko mlangoni mwa stesheni ya treni. Nimeona nifungue uzi kabisa, maana swali lilikuwa zuri kuliko majibu.

Niseme kwanza mimi ni nani. Sikai Uingereza. Nimekwenda London mara nne kikazi, wiki moja au mbili kila safari. Nyumbani mimi ni mtu wa baa ya mtaa, meza ya plastiki, kuku anageuzwa jikoni, chupa inafunguliwa mbele ya macho yangu. Kwa hiyo msinichukulie kama mtaalamu. Nichukulieni kama mnywaji mwenye daftari.

Safari ya kwanza nilitoka hotelini saa moja jioni nikaingia baa ya kwanza iliyonivutia, katikati ya mji kwenye majumba ya maonyesho. Nje maua yananing'inia, madirisha ya vioo vya rangi, ubao wa chaki mlangoni. Nikasema hapahapa. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikaendelea kukaa. Robo saa nzima hakuna aliyenijia, na mnajua mtu mweusi ukiwa ugenini mawazo yanakopita. Kumbe hakuna wa kukujia! Kule kila mtu anajipeleka kaunta, anaagiza, analipa palepale, anabeba glasi yake. Hakuna mambo ya kupanga chupa tupu mezani zije zihesabiwe saa ya kuondoka.

Nikanyanyuka. Pale kaunta kulikuwa na mipini mirefu ya mbao imesimama kama gia za lori, nikaonyesha mmoja kwa kidole. Ikaja bia rangi ya chai ya rangi, haina gesi, vuguvugu, na ukishameza inakuachia uchachu wa siki kooni. Nikamwambia kijana wa kaunta, ndugu hii ni ya moto na imechacha. Akatabasamu, akanijibu bia ya Kiingereza ndivyo ilivyo. Nikamwamini. Nikainywa yote kwa adabu, na siku zote zilizobaki nikanywa laga za makopo chumbani. Jina la baa silitaji, haitusaidii.

Safari ya pili nilikuwa na mwenzangu wa kazi, mzee wa Kiingereza anayekaribia kustaafu. Nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniambia: umedanganywa nusu. Uvuguvugu ni sawa. Uchachu si sawa. Ile bia ilikuwa imeshakufa, na ulikuwa na haki ya kuirudisha.

Sasa hapo ndipo uzi huu unapoanzia.

Ile mipini ni pampu za mkono. Bia inayotoka humo haijachujwa wala haikupikwa kuua hamira. Inaletwa baa ikiwa hai, inawekwa kwenye chumba cha chini ya sakafu, hamira inaendelea kufanya kazi ndani ya pipa. Gesi yake ni ile inayojitengeneza yenyewe, hakuna mtungi wa kuisukuma juu. Joto lake ni nyuzi 11 hadi 13. Si bia ya moto wala si ya friji: ni baridi ya maji ya mtungi wa udongo, ile ya kwa bibi. Ukishaipata hivyo utasikia ladha ambazo friji huwa inazifunika, kimea, maua ya hopsi, wakati mwingine kama ganda la mkate uliotoka kuokwa.

Lakini kitu hai kinakufa. Pipa la kawaida la kule linaitwa firkin, linatoa pinti 72, yaani kama lita 41. Likishafunguliwa, kila pinti inayovutwa hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Siku tatu hivi inakuwa tamu, baada ya hapo inaelekea kwenye siki. Pigeni hesabu wenyewe: baa yenye pampu kumi inatakiwa iuze pinti 720 ndani ya siku tatu. Ukiingia ukakuta pampu kumi na wateja wanane, kuna mapipa huko chini yanalia. Baa ya pampu tatu iliyojaa watu wa mtaa wanaokunywa hizohizo ni salama kuliko ile yenye ubao mrefu.

Yule mzee alinipeleka Royal Oak, mtaa wa Tabard, upande wa Borough. Baa ya kona, haina televisheni ya mpira, haina mapambo ya kumvutia mgeni, ukipita na haraka zako huioni. Inauza bia za Harvey's, kiwanda cha mji wa Lewes kilichoanza mwaka 1790. Akaniambia tusiagize kwanza, tusimame tuangalie. Mama wa kaunta akavuta mpini kwa mkono mmoja, taratibu, mivuto mitatu mirefu. Bia ikaingia na ukungu mweupe ndani yake, halafu ukungu ukaanza kupanda, chini kunabaki rangi ya asali, juu kunabaki kipovu chembamba. Alipoinyanyua kwenye mwanga ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi. Nikaonja. Wakuu, mimi nilikuwa nimeitukana bia ambayo sijawahi kuinywa.

Sasa DogoMsafiri, ushauri wangu ni mmoja na hauna jina la baa. Tafuta kaunta moja nzuri, moja tu. Ukiipata, kaa hapo kwenye kaunta yenyewe, agiza nusu pinti, na ukiona mhudumu amepumua kidogo muulize: wewe ukitoka kazini unakwenda kunywa wapi? Siku ile mama wa Royal Oak alinielekeza The Harp, karibu na Charing Cross. Ni uchochoro wa baa, upana wake kama daladala, kuta zimejaa picha za sura za watu wa kale, na ndiyo ilipewa tuzo ya baa bora ya taifa ya mwaka 2010 na CAMRA, chama cha wapenzi wa bia ya pipa. Kijana wa The Harp akanituma Southampton Arms, kaskazini kule Gospel Oak, ambako kibao cha nje kinasema bia, saida (pombe ya matofaa) na nyama, basi. Sikufungua ramani ya mtu yeyote. Nilipokezanwa kama barua.

Karibuni, wenye nyongeza na wenye kubisha.

#2 PachaWaTemeke

Yaani mkuu unakaa kwenye ndege kwa saa kumi na kitu, unafika, unalipa paundi sita, unakunywa bia ya moto isiyo na gesi halafu unatuandikia uzi? Huku kwetu mhudumu akikuletea ya moto anaomba radhi yeye na meneja wake 😂

#3 Mkangafu

@PachaWaTemeke wewe hujanywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndiyo maana unaongea. Sisi watu wa Iringa na Njombe mambo anayosema Mzee hayatushangazi hata kidogo. Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, mpaka mtoto anapewa. Ukikaa unakuwa mkangafu, huo sasa wa wanaume. Ukizidi hapo unamwaga. Hakuna mtu kwetu anayeuliza "ulanzi wa kampuni gani", tunauliza umegemwa lini. Na hakuna anayeuweka kwenye friji.

Kumbe Wazungu nao wana ulanzi wao. Endelea Mzee.

#4 JiraniWaTooting

Mimi nakaa huku kusini mwa London mwaka wa kumi na moja sasa, na nimefanya kazi kaunta miaka miwili nikiwa nasoma. Mzee umesema kweli tupu ila umesahau mambo ya mlangoni ambayo mgeni anaumia nayo.

Kuonja ni bure. Kwenye baa inayojali bia yake unaweza kuomba kionjo kidogo kabla ya kununua, hawanuni. Usiombe vionjo sita Ijumaa usiku wakati watu wamejipanga nyuma yako, hapo utanuniwa. Halafu bia inauzwa kwa vipimo vya kisheria: theluthi ya pinti, nusu, theluthi mbili, na pinti nzima ambayo ni mililita 568. Mgeni anayetaka kuonja nyingi achukue nusu. Zamani mwanamume kuagiza nusu ilikuwa kama kuomba soda, siku hizi hakuna anayejali.

Foleni haionekani lakini ipo. Watu wamesimama ovyo mbele ya kaunta, lakini kila mmoja anajua nani alitangulia kufika. Usipunge noti, usipige mluzi, usiite "we dada". Mtazame tu mhudumu machoni. Akikuuliza wewe na aliyekutangulia yupo, sema "huyu kwanza". Hapo umeshapata rafiki wawili.

Kuirudisha: ikiwa na siki, au inanuka yai viza, au imekuwa na matope wakati ya jirani yako iko safi, irudishe ukiwa umekunywa mafunda mawili tu. Usirudishe glasi tupu ukasema ilikuwa mbaya! Sema kwa upole, "nadhani pipa hili limefika mwisho." Baa nzuri inakubadilishia bila ubishi na inakwenda kuliangalia pipa. Kisha tazama kile kibao chenye nembo ya bia kwenye mpini. Kikigeuzwa kinyumenyume maana yake bia hiyo haipo, imekwisha au bado haijakaa sawa. Mimi nikiingia baa nikakuta kibao kimoja kimegeuzwa nafurahi, najua kuna mtu anayeangalia mapipa yake.

Kuhusu kukaa sawa: bia ya pipa inaposhushwa ina mashapo ya hamira. Inabidi ilazwe, itulie, mashapo yashuke. Wengi wanaiharakisha kwa utando unaotolewa kwenye mfuko wa hewa wa samaki. Ndiyo, samaki. Unanasa hamira na kuzama nayo. Ndiyo maana mla mboga makini anauliza kwanza. Siku hizi kuna viwanda vinavyoacha kabisa kuweka, bia inakuja na ukungu na wanaandika hivyo, kwa hiyo ukungu peke yake si hukumu.

#5 SangaraMkavu

Simama hapo hapo Jirani. Mfuko wa hewa wa samaki??? Si ndiyo BONDO hilo! Sisi huku Mwanza mabondo ya sangara watu wanalindana nayo usiku, bei yake kwa kilo inaishinda minofu mara nyingi, tumezoea kusikia yanakwenda China kupikiwa supu ya matajiri. Leo naambiwa Mwingereza naye anasafishia bia?

Nimemwonyesha mzee wangu mvuvi huu uzi. Ameuliza swali moja: "Wanalirudisha?"

#6 JiraniWaTooting

😂😂 Mwambie mzee linabaki chini ya pipa. Zamani walitumia la samaki wa Urusi aitwaye stajoni, baadaye wakahamia kwa samaki wengine. Lenyewe halina ladha kwenye glasi.

#7 Binti_Rombo

Nimesoma mpaka hapa nikakumbuka kwa mama yangu mkubwa. Mbege ina ndizi na kimea cha ulezi, na wengine wanatia gome la msesewa ili iwe na uchungu. Nilipoonja bia ya pipa mara ya kwanza, niliuliza ule uchungu unatoka wapi, nikaambiwa hopsi. Nikasema sawa, ni msesewa wao.

Lakini sikuja kwa ajili ya hilo. Nataka kuwasemea wanawake wanaosafiri peke yao, maana nyuzi hizi daima zinaandikwa na wanaume kwa wanaume. Nilikuwa London wiki tatu kwa mafunzo. Kwetu mwanamke akikaa baa peke yake kila meza inamtumia bia na namba ya simu. Kule niliogopa hilohilo, nikachukua kitabu kama ngao. Haikuhitajika. Saa kumi na moja jioni niliingia baa tulivu, nikakaa mwisho wa kaunta, nusu pinti, kitabu, hakuna aliyenisumbua. Ushauri wangu: nenda mapema, kabla ya saa mbili usiku. Kaa kwenye kaunta na si kwenye kona, mhudumu anakuwa macho yako. Na uchague baa unayoweza kuona ndani kabla ya kuingia. Zile za vioo vya ukungu nilizipita, si kwa ubaya, moyo tu haukutaka.

Halafu jambo la kilevi. Bia nyingi za pampu ni za asilimia 3.5 hadi 4.2. Mtu aliyezoea bia ya Safari ya asilimia 5.5 atadhani anakunywa maji, atavuta haraka, na pinti ni kubwa kuliko chupa yetu. Nilimwona kaka mmoja wa kwetu siku moja. Tumwachie hapo.

#8 DogoMsafiri

Wakubwa asanteni sana, mwenye swali nipo. Kiukweli mimi bia za wazee wa kofia siyo sana. Napenda zile za viwanda vidogo, krafti, IPA (bia za hopsi nyingi) zenye harufu ya embe na pasheni. Hizo vipi? Nimesikia kuna mtaa mzima.

#9 MzeeWaKaunta

Kuna Bermondsey, kusini ya mto Thames, chini ya reli. Treni inapita juu ya matao ya matofali, na ndani ya kila tao kuna mtu ama anapika bia, ama anauza jibini, ama anatengeneza magari. Wapika bia wa The Kernel walianza upande huo mwaka 2009, wengine wakafuata, leo watu wanatembea tao kwa tao kama wanavyotembea wateja wa vitenge Kariakoo. Treni ikipita glasi inatetemeka kidogo mezani. Mimi nililipenda hilo kuliko baadhi ya bia zenyewe.

Ila Jumamosi mchana ni vurugu. Vijana wa sherehe za kuaga ukapera, wamevaa mavazi ya ajabu, foleni ya choo ndefu kuliko ya bia. Nenda Ijumaa, au Jumamosi mara tu wanapofungua.

#10 JiraniWaTooting

Nibishe kidogo hapa. Neno "krafti" lisikufumbe macho, mdogo wangu. Meantime ya Greenwich, Camden Town, Beavertown ya Tottenham, zote zilianza kama viwanda vidogo vya vijana wenye ndevu, na zote zimenunuliwa na makampuni makubwa ya dunia. Camden ilichukuliwa na AB InBev mwaka 2015, Beavertown yote ikaenda Heineken mwaka 2022. Hata Fuller's ya Chiswick, ambayo bia imepikwa pale kwa zaidi ya miaka 300, kiwanda chake kiliuzwa kwa Asahi ya Japani mwaka 2019. Bia hazikuharibika siku ya kusaini mkataba. London Pride, bia ya Fuller's, ikitunzwa vizuri bado naivulia kofia. Lakini usilipe bei ya "kiwanda kidogo" kwa sababu ya mchoro wa kopo.

Na kinyume chake nacho ni kweli: kidogo si lazima kiwe kizuri. Nimekunywa chini ya yale matao bia iliyokuwa na harufu ya siagi mpaka nikatafuta mkate. Hizo IPA zako za embe angalia tarehe ya kujazwa. Harufu ya hopsi ndiyo ya kwanza kukimbia.

#11 MzeeWaKaunta

Nakubali. Kwenye kegi (mapipa yanayosukumwa kwa gesi ya mtungi) na makopo kanuni ni ileile ya ulanzi wa Mkangafu: ulitoka lini?

Kwa kuwa tuko hapa, Dogo, usiondoke London bila kunywa porter. Bia nyeusi, ilipata umaarufu mji uleule karne ya 18, na jina lake ni la wapagazi, makuli waliobeba mizigo mitaani na kwenye magati ya mto Thames. Kwao ilikuwa kama chakula. Wapikaji walitajirika, wakaanza kushindana kujenga matangi makubwa, mpaka tarehe 17 Oktoba 1814 moja likapasuka kwenye kiwanda cha Meux, pale ilipo leo kona ya Tottenham Court Road. Bia ikashuka kama mafuriko, ikabomoa nyumba za maskini waliokaa nyuma ya kiwanda. Watu 8 walikufa. Nilisimama pale nikitafuta dalili yoyote, nikaona maduka ya simu.

Sisi wapagazi wetu wa Vita ya Kwanza, wale Carrier Corps, walituachia jina la Kariakoo. Wa London waliachia bia. Mkabala na soko la Borough ipo hata baa inaitwa The Market Porter, iliyozoeleka kufunguliwa alfajiri ili watu wa sokoni wapate pinti baada ya kazi ya usiku. Niliinywa porter yangu humo nikiwa nimesimama. Ilinielea.

#12 UstaadhMsindikizaji

Mimi sinywi lakini kazi yangu inanilazimu kusindikiza wageni wanaokunywa. Kuna cha mtu kama mimi huko?

#13 Binti_Rombo

Kipo Ustaadh. Soda, juisi, na baa nyingi zina chai na kahawa. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Chagua baa za kutazama: The Blackfriar, karibu na daraja la jina hilo, ndani ni marumaru na michongo ya watawa wanene wa shaba, ya mwaka 1905. Na George Inn ya Southwark, yenye roshani za mbao kwa nje, ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, leo ni mali ya National Trust, taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale. Jumapili mchana kuna nyama ya kuokwa na viazi. Uliza mafuta waliyookea viazi, mara nyingi ni ya mnyama.

#14 JiraniWaTooting

Na ukitaka ukimya, zipo baa za Samuel Smith, kampuni ya Yorkshire. Hawapigi muziki, hawaweki televisheni, na tangu mwaka 2019 wamepiga marufuku kutumia simu ndani. Ye Olde Cheshire Cheese ya Fleet Street ni yao, ilijengwa upya mwaka 1667 mwaka mmoja baada ya moto mkuu wa London. Vyumba vya giza, ngazi zinashuka na kushuka. Wabongo wawili niliowapeleka walikaa saa nzima wakizungumza, wakatoka wakaniambia hawakumbuki mara ya mwisho kufanya hivyo.

#15 PachaWaTemeke

Nimeanza kulegea wazee. Raundi je? Huko kuna kuzungusha?

#16 MzeeWaKaunta

Ipo, na inaua. Ukikubali pinti ya mtu umeingia kwenye mzunguko, na mzunguko wa watu sita ni pinti sita, zaidi ya lita tatu. Nilikubali ya kwanza kwa adabu, siku ya Alhamisi, nikiwa na wasilisho Ijumaa saa tatu asubuhi. Wasilisho nililifanya nimeshika meza. Siku hizi nasema mapema kabisa, kabla ya glasi ya kwanza: "mimi leo ni mbili tu, najinunulia." Hawachukii. Wanachochukia ni mtu anayekunywa raundi tano halafu inapofika zamu yake anakwenda msalani.

Kengele ikipigwa karibu na saa tano usiku hiyo ni ya kuagiza mara ya mwisho, si ya moto. Mimi ya kwanza niliikimbilia mlangoni.

#17 DogoMsafiri

Wakuu nimerudi. Yaani nimerudi jana, begi halijafunguliwa.

Kwanza nimefeli. Jumamosi nilijipanga kuzunguka baa za kale eneo la City, lile la mabenki. Nimetembea saa nzima, tatu nilizozipanga zote zimefungwa, mitaa mitupu kama Posta siku ya Idi. Hakuna aliyeniambia kwamba wateja wao ni watu wa ofisini na wikiendi wanafunga! Jirani wewe unakaa huko, nakudai.

Nikavuka mto kwa hasira, nikaenda Royal Oak. Nikasimama kama Mzee alivyosema, nikaangalia. Mtu mmoja mzee ameagiza bia ya mpini wa pili kutoka kushoto, baada yake mwingine, baada yake mwingine. Nikaagiza hiyohiyo, nusu. Jamani, baridi ya mtungi. Nilicheka peke yangu. Mimi wa IPA za embe nikarudia mara tatu.

Nikamuuliza kijana wa kaunta lile swali. Akafikiri, akauliza nina siku ngapi. Nikamwambia mbili. Akachukua kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi, akakigeuza, akaandika kwa kalamu: "Kelham Island Tavern". Nikamuuliza ni mtaa gani, niende kwa basi au kwa treni ya chini? Akasema treni, lakini si ya chini. Iko Sheffield. Saa mbili hivi kutoka St Pancras.

Sikwenda. Ila nimemwandikia bosi leo asubuhi kwamba yale mazungumzo na wenzetu hayakukamilika na huenda ikabidi nirudi mwezi wa tatu. Bado hajajibu. Kikaratasi ninacho kwenye pochi.

#18 JiraniWaTooting

Deni la City nalikiri. Ukifika Sheffield usitoke stesheni kwa haraka, kuna baa palepale ndani, Sheffield Tap. Anzia hapo, halafu uliza.